Helikoni ya MHz 13.56: hali ya W imekubali kukaa

Hatimaye helikoni, yaani chanzo cha plazma kinachoendeshwa na wimbi la redio ndani ya uga sumaku, imetulia. Wati 800 zinaenda kwenye antena, zinazorudi kwenye amplifaya hazifiki 10, na katikati ya bomba la kwatzi umesimama mshipa wa buluu usiotikisika. Kabla ya hapo plazma ilikuwa ikiruka kuingia W (hali nzito inayobebwa na wimbi la helikoni), inawaka buluu kidogo, inaporomoka kwenye waridi hafifu la hali ya H (nyepesi, inayoshikiliwa na uga wa antena bila wimbi hilo), kisha inaruka tena. Mchezo huo unachosha mno.

Bomba lina kipenyo cha ndani cha sm 5, gesi ya agoni kwa shinikizo la Pa 0.5, uga sumaku mT 30, antena ya nusu mzingo yenye urefu wa sm 15. Kwa wimbi la sm 30, mara mbili ya antena, helikoni inadai elektroni takriban 5.6 × 10¹⁸ kwa mita ya ujazo.

Watu hukimbilia kulaumu gesi au koili. Kiini kiko kwenye kioanishi, yaani sakiti ya kapasita mbili (moja sambamba, moja ya mfululizo) inayolinganisha antena na amplifaya. Plazma ikiwa H, antena inaonyesha reaktansi (kizuizi cha mkondo geu kisichokula nguvu) ya Ω 85 na ukinzani wa jumla wa Ω 1. Ikiingia W, ukinzani unapanda hadi Ω 2.5, na kwa kuwa plazma nzito inabana induktansi, reaktansi inashuka hadi Ω 83. Inaonekana ndogo, lakini fanya hesabu: kapasita sambamba inatakiwa kutoka pF 1640 hadi 1020, na ya mfululizo kutoka pF 150 hadi 163. Ukiwa umeoanisha vizuri kwa H, plazma ikiruka tu asilimia 38 ya nguvu inarudi. Amplifaya inajilinda, inapunguza nguvu, W inakosa chakula na kufa. Tukirudi H mwoano ni safi, nguvu inapanda, na mzunguko unaanza upya. Kioanishi cha mota hakisaidii. Mruko umeshakwisha mota haijasogea.

Dawa ni kuweka kapasita kwenye namba za W tangu mwanzo na kutozigusa hadi plazma iruke. Ukiwa H utavumilia asilimia ileile 38 kurudi, ila plazma ikiruka mwoano unajikamilisha wenyewe na nguvu inaongezeka pale inapohitajika.

Kuna kikwazo: kwa wati 800, zaidi ya 300 zinarudi wakati wa kusubiri, na amplifaya hii inajikata kwenye 200. Ufumbuzi umetoka kwenye sumaku. Msongamano unaodaiwa na wimbi huenda sawia na uga, kwa hiyo washa kwenye mT 15. Wati 500 zinatosha kurusha plazma, zinazorudi ni kama 190, na amplifaya haishtuki. Buluu ikishatokea, pandisha uga na nguvu kwa pamoja, polepole, huku ukirekebisha kapasita ya mfululizo. Usiizungushe kwa pupa: pF 5 pekee zinarudisha asilimia 16.

Ndiyo maana hapa ni kapasita za vakyumu tu. Kwa wati 800 zinapitisha kilele cha ampea 25, na ya mfululizo inabeba karibu kV 1.8. Za kauri zinapata moto, thamani inahama pF chache, na pF chache ndizo hasa usizoweza kupoteza. NanoVNA, kipimo kidogo cha ukinzani na reaktansi, ni chombo kizuri sana kwa kupima antena ikiwa baridi. Plazma ikiwaka, ichomoe kabisa. Viungo vya shaba vichomelewe kwa fedha: kwenye MHz 13.56 mkondo unapita kwenye ngozi ya mikromita 18, na kiungo legevu chenye Ω 0.3 kinakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu hata ukiwa W.

Iliyokuwa ifuate ni sindano ya Langmuir, waya wa kupimia msongamano ndani ya plazma, yenye vichujio vya MHz 13.56 na 27.12. Itasubiri, kwanza tugeuze uga. Antena iliyosokotwa kama hii hutuma wimbi la m = +1 (linalozunguka kwa mkono wa kulia kufuata uga) upande mmoja zaidi, na ukigeuza uga, upande nao unageuka. Swichi ya kugeuza mkondo wa koili imeshawekwa. Shusha mkondo hadi sifuri kabla ya kuigeuza, maana solenoidi ikikatwa ghafla inachoma ncha za swichi kwa cheche.