Niliambiwa "tupa, ni uchafu wa ngozi", kumbe alikuwa bakteria wa utumboni

Ukifanya kazi maabara ya bakteria utaizoea kauli hii: "Huyo ni uchafu wa ngozi, tupa." Niliambiwa hivyo siku chupa isiyo na oksijeni, moja ya zile za kuoteshea damu ya mgonjwa, ilipoita mashineni (ishara kwamba kuna kinachoota) baada ya kukaa siku kadhaa, huku ile yenye oksijeni iko kimya. Chini ya darubini, bakteria wa umbo la vijiti vifupi, Gram chanya (yaani walioshika rangi ya zambarau). Kweli, Cutibacterium acnes wa ngozini huonekana hivyohivyo, na huchelewa kuota hivyohivyo. Lakini mgonjwa alikuwa na homa kali na maumivu ya tumbo, na chupa ya mkono wa pili nayo ikaita. Uchafu hauji mikono yote miwili kirahisi hivyo.

Nikaotesha. Chombo chetu cha kuoteshea bila oksijeni kilikuwa cha wote, na kila asubuhi kuna mtu anakifungua kuangalia sahani zake za kuoteshea. Bakteria hawa wakiwa bado wachanga, oksijeni inawamaliza. Sahani yangu ikatoka tupu kabisa, na wenzangu wakanirudia: "Si tulikwambia?" Tupu vipi, wakati chupani vijiti vimejaa!

Nikatafuta chombo kidogo cha peke yangu. Sahani mpya nilizitanguliza humo zikae bila oksijeni kabla ya kuotesha, kisha nikafunga na pakiti mpya ya kuondoa oksijeni, na juu nikaandika kwa kalamu nene: USIFUNGUE KABLA YA SAA 48. Kwenye mchirizo wa kwanza wa bakteria niliweka diski (kikaratasi chenye dawa) ya antibiotiki ya metronidazoli, mikrogramu 5. Kadiski haka nakapenda mno! Cutibacterium haijali metronidazoli, huota mpaka ukingoni mwa diski. Wengi wa wale wasiovumilia oksijeni kabisa hawathubutu kuisogelea.

Nilipofungua, makoloni yalikuwa madogo kama vichwa vya pini, ya kijivu, na kuizunguka diski kuna duara pana, safi, bila koloni hata moja. Sahani za hewani hazikuota kitu. Nilipiga simu wodini palepale, jina likaja baadaye kwa MALDI-TOF, mashine inayotambua bakteria kwa protini zake: Eggerthella lenta, bakteria wa utumboni. (Vitabu vya zamani vinamwita Eubacterium lentum, msipotee.)

Mgonjwa alikuwa kwenye seftriaksoni peke yake, antibiotiki ambayo mara nyingi haimwezi huyu. Daktari akaongeza metronidazoli na kuagiza picha ya CT ya tumbo: usaha kando ya kidole tumbo kilichotoboka. Ukatolewa, homa ikashuka. Bakteria wa utumboni akionekana kwenye damu, ulizeni alipotokea. Clostridium septicum, kwa mfano, huweza kuwa ishara ya kansa ya utumbo mpana ambayo mgonjwa mwenyewe haijui.

Nanyi mnaotoa damu kwa bomba la sindano, anzeni kujaza chupa isiyo na oksijeni, mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, na hewa iliyobaki kwenye bomba isiingie humo.