Rekodi ya refa haipimwi kwa kadi peke yake

Orodha ya waamuzi ikitoka tu, kabla hata vikosi havijajulikana, utaisikia: "Huyu refa tukipangiwa hatushindi." Ushahidi unafuata hapo hapo: mechi sita, ushindi mmoja, sare moja, vipigo vinne. Nimeitafakari sana kauli hii, kwa sababu mara nyingi namba zake ni za kweli kabisa, ila hukumu inayotolewa haitoki kwenye namba hizo.

Waamuzi hawapangwi kwa bahati nasibu. Refa mzoefu hupewa mechi nzito: watani wa jadi, vinara wawili wanaofukuzana, nusu fainali, mechi ya ugenini kwenye uwanja wenye presha. Hizo ndizo mechi ambazo timu yoyote hupoteza pointi, apulize nani. Kwa hiyo ukichukua matokeo yenu chini ya refa huyo ukayalinganisha na wastani wenu wa msimu mzima, unalinganisha mechi ngumu na mchanganyiko wa ngumu na nyepesi. Kipimo cha haki ni kuangalia mmefanya nini dhidi ya wapinzani wale wale, kwenye viwanja vile vile, chini ya marefa wengine. Ukifanya hivyo, mara nyingi tofauti inapungua au inapotea. Na hata ikibaki, mechi sita ni chache mno. Kipigo kimoja kikigeuka sare, hadithi yote inabadilika. Binafsi, safu ya "ushindi chini ya refa huyu" naifuta kabisa kabla sijaanza kazi.

Kadi ndizo zinazofuata, na hapa ndipo mashabiki wengi wanaojiona makini hunasa. Chukua mfano wa kubuni: refa wa kwanza anatoa wastani wa kadi za njano 4.5 kwa mechi, wa pili 3.5. Utaambiwa wa kwanza ndiye mkali. Lakini kama wa kwanza anapuliza faulo 27 kwa mechi, anatoa kadi moja kwa kila faulo sita. Wa pili akipuliza faulo 17, kadi yake inakuja chini ya kila faulo tano. Wa pili ndiye mwepesi wa kwenda mfukoni. Anachofanya ni kuacha miguso midogo ipite. Kwa beki anayeingia kwa nguvu, hao ni watu wawili tofauti kabisa. Kwa wa kwanza atasimamishwa mara nyingi ila atabaki uwanjani. Kwa wa pili ataachwa, ataachwa, halafu ghafla atajikuta ana njano.

Kisha zigawanye kadi zenyewe. Kadi ya rafu, kadi ya kubisha, kadi ya kuchelewesha mpira, kadi ya kuvuta jezi ili kuzuia shambulizi: kila moja inasema jambo lake. Refa ambaye njano zake nyingi ni za kubisha, tena baada ya dakika ya 70, huyo mchezo ulimtoka mapema. Tazama pia kadi ya kwanza ilitoka dakika gani na kwa kosa gani. Mechi ya Ureno na Uholanzi kwenye Kombe la Dunia la 2006 pale Nuremberg hutajwa kila mara kwa sababu ya kadi 16 za njano na nyekundu nne alizotoa Valentin Ivanov. Wengi huishia kwenye jumla. Mimi naona pa kuanzia ni dakika ya 7, Khalid Boulahrouz alipomwingia Cristiano Ronaldo kwenye paja kwa vyuma vya kiatu na kuoneshwa njano. Ronaldo alitoka kipindi cha kwanza akiwa ameumia. Baada ya hapo wachezaji wa pande zote mbili walishajua nini kinaruhusiwa, na kadi zilizofuata zilikuwa za kuzima moto ambao tayari ulikuwa umewaka.

Jambo lingine linaloharibu takwimu ni kuchanganya misimu yenye sheria tofauti. Hadi 2016, beki aliyezuia nafasi ya wazi ya bao ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, alitoa penalti na akatolewa pia. Tangu mwaka huo, kama alijaribu kuucheza mpira kweli, ni penalti na njano. Kwa hiyo refa wa 2012 mwenye nyekundu nyingi na refa wa 2022 mwenye nyekundu chache wanaweza kuwa na mkono ule ule. Mwaka 2019 makocha na maofisa wa benchi walianza kuoneshwa kadi, na baadhi ya takwimu zinazijumlisha na za wachezaji, nyingine hazizijumlishi. Sheria ya kunawa mpira nayo ilibadilika 2019, ikabadilika tena 2021: mpira ukimgusa mchezaji mkononi kwa bahati mbaya, kisha mwenzake akafunga, siku hizi bao ni halali, wakati kabla ya hapo lilikataliwa. Kabla hujamhukumu refa kwa tukio la zamani, hakikisha unamhukumu kwa kitabu cha mwaka ule.

Penalti sitakaa nazo. Ni chache mno kwa refa mmoja katika msimu kiasi kwamba tofauti ya nne na nane inaweza kuwa bahati tupu.

Upungufu mkubwa wa takwimu zote hizi ni kwamba zinahesabu kilichopulizwa tu. Kisichopulizwa hakimo, na nusu ya ubora wa refa iko huko. Ndiyo maana kumtathmini kwa haki kunahitaji kuitazama mechi mara mbili ukiwa na karatasi. Mara ya kwanza itazame mfululizo, uandike dakika tu kila panapotokea mgongano wa maana, uwe umepulizwa au haukupulizwa. Mara ya pili rudi kwenye kila dakika, ujaze: nani kafanya nini, wapi uwanjani, refa alikuwa umbali gani, nani alikuwa kati yake na tukio, ameamua nini, na sheria inasema nini. Matukio madogo yatakuwa mengi. Yenye uzito wa kubadilisha mechi huwa machache, na hayo ndiyo ya kukaa nayo.

Tuchukue aina moja ya tukio, maana ndilo linalozua ugomvi kuliko yote: beki anateleza, anaugusa mpira, kisha mguu unamfikia mshambuliaji kwenye kifundo. Shabiki anasema, "Kacheza mpira kwanza." Sheria ya 12 ya soka, inayohusu rafu na utovu wa nidhamu, haina kinga hiyo. Inauliza alivyoingia. Kama ni uzembe tu, ni faulo bila kadi. Kama hakujali hatari aliyomsababishia mwenzake, ni njano. Kama alitumia nguvu ya kupita kiasi au amehatarisha usalama wa mpinzani, ni nyekundu, hata kama mpira aliufikia kwanza. Sasa angalia mguu wenyewe. Goti limekunjwa au mguu umenyooka? Soli ya kiatu inatazama chini kwenye nyasi au inamtazama mpinzani? Umemgusa juu ya kiatu, kwenye kifundo, au kwenye muundi? Alitoka mbali akiwa kwenye kasi, au alikuwa tayari karibu? Baada ya mguso mguu ulirudi nyuma, au uliendelea kusukuma? Mguu ulionyooka, soli mbele, mguso juu ya kifundo na kasi, vikikutana vyote, hapo hakuna mjadala. Vikikutana viwili, refa mmoja atatoa njano na mwingine nyekundu, na wote wawili wanaweza kujitetea.

Na usiamue ukali wa rafu kwa picha ya polepole. Picha hiyo inafaa kuonesha mguso ulitokea wapi, au kama mpira ulitoka nje. Kwa nguvu ya mguso inadanganya: rafu ya kawaida inaonekana ya kikatili, kwa sababu mguu unaonekana kukaa juu ya kifundo muda mrefu. Utaratibu wa VAR, yaani marefa wasaidizi wa video, wenyewe unataka ukali upimwe kwa kasi ya kawaida. Anza na kasi ya kawaida, kisha polepole kwa sehemu ya mguso, kisha rudi tena kwenye kasi ya kawaida kabla ya kuandika.

Hoja ya "beki wa mwisho", kwamba akifanya rafu lazima atolewe, nayo haimo kwenye sheria. Nyekundu ya kuzuia nafasi ya wazi ya bao hutegemea mambo manne: umbali wa goli, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na mabeki wangapi wako wapi. Mpira unaokimbilia kibendera cha kona unaweza kuifuta nyekundu hata kama nyuma amebaki kipa peke yake.

Ukishakuwa na orodha ya makosa, yagawe kwa chanzo chake, maana dawa zake hazifanani. Yapo ya kutoona. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2010, Howard Webb alimpa Nigel de Jong njano kwa teke la kifuani mwa Xabi Alonso, na baadaye akaeleza kwamba mbele yake palikuwa na mchezaji aliyemkinga. Alipoona picha alikiri ilikuwa nyekundu. Webb alitoa njano 14 usiku ule, lakini swali lenye maana ni la hatua moja au mbili alizohitaji kupiga pembeni ili apate upenyo. Yapo ya utaratibu. Kwenye Kombe la Dunia la 2006 huko Stuttgart, Graham Poll alimwonesha Josip Šimunić wa Croatia njano tatu kabla ya kumtoa, kwa sababu kadi ya pili aliiandika kwa namba 3 wa Australia. Tukio aliliona, kadi ilikuwa sahihi, kalamu ndiyo iliyokosea, na wasaidizi wake hawakuliwahi. Kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2021 iliyochezwa mwaka 2022, Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akairudisha, kisha akamaliza tena kabla ya 90 kutimia. Baadaye ikaelezwa kwamba joto lilikuwa limemzidi. Kuliweka tukio hilo kapu moja na penalti iliyonyimwa ni kumwonea mtu. Yapo pia ya kutojua sheria, nayo ni adimu kwa marefa wa juu. Yanayobaki, yaliyo mengi, ni ya upimaji: aliona, anaijua sheria, kapima vibaya.

Makosa ya kutoona yanarudi kwenye mahali pa kusimama. Mashabiki hudai refa awe karibu, kumbe pembe ni muhimu kuliko ukaribu. Akiwa mita tano nyuma ya mgongo wa beki haoni mkono unaovuta jezi. Akiwa mita kumi na kitu kwa ubavu anaona mikono yote miwili na mpira. Akilalamikiwa kwa penalti, simamisha picha wakati wa mguso, si wakati wa filimbi, maana katikati ya hapo atakuwa ameshakimbia hatua kadhaa.

Kwa upimaji, ninachokitafuta kuliko vyote ni kama mstari wake ulibaki mmoja. Chukua kosa dogo linalojirudia, mathalani kumsukuma mtu mgongoni anaporuka kupiga kichwa. Hesabu lilivyoamuliwa dakika 30 za mwanzo na dakika 20 za mwisho, kwa wenyeji na kwa wageni. Refa aliyeacha yote ni refa mwenye mstari, hata kama huupendi. Refa aliyeacha matatu kisha akapuliza la nne dakika ya 88, nje kidogo ya kumi na nane, amewakosea wachezaji hata kama la nne lilikuwa faulo halali. Pengo la wenyeji na wageni ni la kweli: viwanja vilipobaki bila watu mwaka 2020, wengi waliochunguza walikuta pengo la kadi kati ya wenyeji na wageni limepungua. Kelele humfikia refa bila yeye kujua.

Muda wa nyongeza unapimika kwa saa ya mkononi, na inashangaza tunavyoubishania bila kupima. Hesabu muda uliopotea kwa mabadiliko ya wachezaji, majeruhi, kadi, VAR, mapumziko ya maji, kushangilia mabao na kupoteza muda. Mpira kutoka nje na kurudishwa kwa kawaida hauhesabiwi. Kibao cha mwamuzi wa nne ni kiwango cha chini. Refa anaweza kuongeza, hawezi kupunguza.

VAR imeongeza safu moja kwenye karatasi: maamuzi yaliyogeuzwa. Isome kwa tahadhari. Ilipoanza, VAR iliingia kwenye mambo manne tu: bao, penalti, nyekundu ya moja kwa moja, na kadi kwenda kwa mchezaji asiye mhusika. Njano ya pili iliyotolewa kimakosa iliachwa nje ya utaratibu huo wakati huo. Tena idadi ya maamuzi yaliyogeuzwa hutegemea aliyekaa kwenye chumba cha VAR: mmoja anaita kwa kila shaka, mwingine haiti mpaka kosa liwe wazi kabisa. Kando ya jina la refa, andika jina la huyo wa chumbani na ya washika vibendera wawili. Msimu ukiisha, zipange karatasi zako upya kwa majina hayo matatu, maana baadhi ya makosa uliyomwandikia refa utayakuta yanamfuata msaidizi mmoja kutoka mechi hadi mechi, chini ya marefa tofauti.