Visoda, taa mbili na darasa lililokuwa kimya

Siku hiyo umeme ulikatika saa nne na dakika chache asubuhi, kabla hata kikundi cha kwanza hakijamaliza kufunga sakiti. Tukasubiri, tukapiga soga, saa sita nikawaruhusu wakale. Jumatatu iliyofuata nikapokea ripoti kumi na tisa za zoezi lile, zote zina vipimo kamili vya volti na ampea, mpaka desimali ya pili. Grafu zimechorwa vizuri kwa rula. Kwenye hitimisho wameandika kuwa zoezi lilifanikiwa.

Kwanza nilicheka. Halafu nikaona aibu, kwa sababu kwa vigezo vyangu mwenyewe zile zilikuwa ripoti nzuri. Karatasi ya maelekezo niliyowapa ilikuwa ileile ya miaka mitano, majibu yake yanajulikana, na madesa yake, yaani majibu ya kunakili, yanatolewa kopi kwenye steshenari nje ya geti. Mwanafunzi anayelipa mia tano akapata desa anatumia akili kuliko yule anayehangaika na bodi yenye soketi zilizolegea. Mimi ndiye niliyemfundisha hesabu hiyo.

Nafundisha umeme kwenye chuo cha ufundi, wanafunzi wa astashahada na stashahada, ngazi za NTA (tuzo za kitaifa za ufundi za Tanzania) 4 hadi 6. Kwenye makaratasi mtaala wetu ni wa umahiri: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya. Darasani nilikuwa na watu sitini na wawili, ubao, na swali langu la kila siku: "Mmeelewa?" Wanajibu "Ndiyooo." "Kuna swali?" Kimya. Nikawa naondoka nimeridhika, mtihani unakuja nalia na sapu, mitihani ya kurudia ya waliofeli.

Mwenzangu mmoja alinitumia makala kuhusu Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ambaye mwaka 1991 alianza kuwapa wanafunzi maswali mafupi ya kufikiri, wapige kura, wabishane wao kwa wao, kisha wapige kura tena. Kilichonigusa ni kwamba naye alikuwa anajiona mwalimu mzuri, mpaka alipogundua wanafunzi wake wanakokotoa vizuri huku mambo ya msingi hawajayashika. Nikasema, kama ni pale Harvard, mimi ni nani?

Nikanunua balbu mbili zile za zamani za waya, ambazo siku hizi wanaozitafuta sana ni wafugaji wa vifaranga. Moja ya wati 100, nyingine ya wati 40. Nikazifunga kwenye ubao, moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya mkondo, nyuma ya sakiti breka, mtu asiguse. Kabla sijawasha nikauliza: ipi itang'aa zaidi? Kila mtu aweke vidole kifuani. Kidole kimoja, ya 100. Viwili, ya 40. Vitatu, sawasawa. Vinne, hazitawaka kabisa.

Vidole nilivifikia baada ya kukosea. Mwanzoni nilikata kadi za manila za rangi nne, nikatumia Jumapili nzima na mkasi. Wiki ya tatu nusu ya kadi zimepotea, na waliobaki nazo wanazinyanyua juu, kila mmoja anachungulia ya yule kijana anayejulikana kuwa kichwa. Kidole kikiwa kifuani, wa nyuma hakioni.

Hamsini na kitu walisema ya 100. Nikawaambia: geuka kwa jirani aliyeweka vidole tofauti na wewe, mshawishi. Dakika tatu. Kiswahili ruksa.

Kelele zilizotoka pale huwa nazisikia Simba na Yanga zinapocheza tu. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye muhula mzima sikuwahi kusikia sauti yake, alikuwa amesimama anamwambia binti wa mbele yake: "Sikiliza wewe. Mkondo ni uleule, hauna njia nyingine ya kupita. Sasa nani anaubana zaidi? Huyo ndiye anapata moto." Binti akauliza, "Kwa hiyo ya 40 ndiyo yenye waya mwembamba?" "Ee, ndiyo hiyo." Baadaye nilijua kijana huyo kila likizo anamsaidia mjomba wake kusuka mota, yaani kuzifunga upya waya za ndani.

Nikawasha. Ya 40 ikang'aa, ya 100 ikabaki na uwekundu hafifu. Darasa likalipuka. Mmoja akasema kwa uhakika kabisa kwamba ya kwanza imekula umeme, ya pili imepata makombo. Nikazima, nikazibadilisha nafasi, nikawasha tena. Ya 40 ileile. Dhana ya umeme "kuliwa" njiani ni ngumu kufa, wanafunzi wa nchi nyingi wanayo, na ningeweza kuandika ubaoni mara mia kwamba si kweli. Kuzibadilisha tu nafasi kulifanya kazi hiyo kwa sekunde kumi.

Kisha tukakokotoa. Kwa volti 230, ya wati 100 ina ukinzani wa omu 529, ya wati 40 omu 1,322.5. Gawanya zile volti 230 kwa uwiano huo, ya 40 inabeba takriban volti 164. Tukapima, mita ikasoma zaidi ya hapo. Binti yule akanyoosha mkono, wa kwanza tangu muhula uanze: "Madamu, hesabu imekosea au mita imekosea?" Nilitamani kumkumbatia. Sikumjibu. Nikawaachia waende nalo hosteli, na kesho yake wakaja nalo: waya wa taa ukiwa haujapata moto wake wote, ukinzani wake unashuka, na wa ile ya 100 ndio umeshuka zaidi maana unawaka hafifu tu.

Kuhusu lugha niseme wazi, najua wapo watakaonuna. Kanuni inasema tunafundisha kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Kwa miaka nilidhani kimya cha darasani ni uvivu au woga wa hesabu. Kumbe mtu anafikiri jambo la umeme, halafu anatafuta sentensi, halafu anaogopa kuchekwa kwa sarufi, na akimaliza yote hayo mimi nimeshafuta ubao. Sasa mabishano ni Kiswahili, na baada ya kura ya pili kila mmoja anaandika sentensi tatu za Kiingereza zinazoeleza kwa nini. Maneno ya lazima nayaacha kwenye kona ya ubao. Sentensi zao mwanzoni zilikuwa zinachekesha, lakini zilikuwa zao.

Mwalimu wa chumba cha pili alikuja mara mbili kuuliza kama kuna ugomvi. Mara ya tatu akaketi nyuma. Hajaniambia alionaje, ila nimemsikia naye akihesabu vidole.

Kazi za vikundi zilinishinda kwa muda. Nilitoa mradi kwa vikundi vya watu sita, nikapata kazi ya mtu mmoja na majina ya watu sita. Dawa ilikuwa ndogo: siku ya kuwasilisha nachagua mimi nani aeleze, na alama zake ni za kikundi chote. Tangu hapo wanafundishana usiku, kwa hofu. Hofu hiyo naikubali.

Maabara ndiko nilikokaa sana. Niliitupa ile karatasi ya miaka mitano, nikaanza kupachika hitilafu. Nilitengeneza paneli za kuwashia mota, upande wa udhibiti nikaufunga kwa volti 24 na mahali pa mota nikaweka taa, ili mkono ukiteleza tusiitane hospitali. Hitilafu ninayoipenda ni hii: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kontakta, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, inalia ta! na taa inawaka. Ukiachia kidole, inazima. Nimechomoa waya mmoja tu, ule wa namba 13 na 14 kwenye kontakta, mguso unaoishikilia kontakta baada ya kidole kuondoka. Nyingine ni ya namba 95 na 96 kwenye kifaa cha ulinzi wa mota kuzidiwa mzigo: hiyo ukibonyeza, kimya kabisa. Hizi hazina desa, maana kila wiki nazihamisha.

Tatizo likawa jingine. Walishika mita wakaanza kuchokonoa kila skrubu, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Wakipata, hawajui wamepataje. Nikaenda kantini, nikaomba visoda mfuko mzima. Kila kikundi kinapewa visoda kumi. Kupima mara moja ni kisoda kimoja, unaniletea mezani. Na kabla ya kupima unaandika: natarajia mita isome ngapi, na ikisoma tofauti nitajua nini.

Sijawahi kuona wanafunzi wanasoma mchoro wa sakiti kama siku ile. Walilaza mchoro mezani, wakaufuata kwa kidole toka chanzo mpaka A1, skrubu ya koili ya kontakta, wakabishana ni wapi pa kuugawa katikati ili kipimo kimoja kiondoe nusu ya mashaka. Yule kijana wa kusuka mota alimaliza kwa visoda vitatu. Kikundi kingine kilimaliza vyote kumi, kikaja kukopa. Nikawakopesha kwa riba: waeleze kila kisoda kiliwanunulia nini.

Gharama ipo. Mada mbili za mwisho wa muhula tulizipitia kwa haraka, na maana za maneno nimezihamishia kwenye ukurasa mmoja ninaompa CR, kiongozi wa darasa, siku mbili kabla, wausome wenyewe. Wapo wasiousoma. Nilifikiria video, lakini bando ni pesa na nusu ya darasa hawana. Kinachonituliza ni uchambuzi uliotoka Marekani mwaka 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: madarasa ya mhadhara mtupu yalifelisha wastani wa asilimia 34, yale yanayomshughulisha mwanafunzi asilimia 22. Kwangu sapu zimepungua, sijaweza kuzifuta. Ripoti za maabara zimekuwa mbaya kwa sura, zina mifuto na vipimo vinavyogombana, na nazisoma zote mpaka mwisho.

Muhula uliopita kikundi kimoja kilinishangaza. Kimepima mara kumi na tano na bado kina visoda viwili mkononi. Nikahesabu, nikahesabu tena, nikawatazama. Mmoja akaangalia dari. Walikuwa wamepita kantini wakati wa chai. Sasa visoda vyangu vyote vina doa la rangi nyekundu ya kucha, na chupa ya rangi hiyo haikai tena kwenye droo ya maabara, inakaa kwenye mkoba wangu.