Halua kalikataa tango: siku moja ya mama mboga wa Malindi

Saa kumi na moja alfajiri. Kwangu kuna kengele mbili za kuamkia: adhana, na mluzi wa simbilisi wangu wawili, Kahawa na Halua, wanaposikia gunia la mboga likichakarika. Leo mluzi ulikuwa mmoja. Kahawa alisimama mlangoni mwa banda akidai chake. Halua alikuwa kwenye kona, amejikunyata, manyoya yamemsimama kama kuku aliyenyeshewa.

(Wapo wanaowaita nguruwe wa Guinea. Jina hilo mimi silitumii. Si nguruwe, wala kwao si Guinea. Asili yao ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Na mtaani kwetu ukisema una nguruwe ndani, nani atapokea tena sahani yako ya futari?)

Tango la jana usiku liko pale pale, limenywea. Choo chake, ambacho kila siku nakizoa kwa kifagio nikilalamika, leo ni vipunje vichache, vidogo, vikavu. Nikamuita. Akaja, lakini kwa kuruka miguu miwili pamoja kama sungura, naye kwa kawaida hutembea mbio kama panya. Nilipomnyanyua na kidole kikagusa goti la nyuma, akapiga yowe.

Mnyama huyu hatangazi ugonjwa. Huko walikotoka wazee wake, aliyeonyesha unyonge ndiye aliyeliwa kwanza, kwa hiyo hujikaza mpaka ashindwe. Ndiyo maana sisubiri alie. Naangalia kilichobaki na kilichoanguka chini, halafu naenda kwenye mizani.

Mizani yangu ya zamani ya dijitali niliistaafisha kibandani, sasa ni ya hawa wawili. (Wateja wangu wasiwe na wasiwasi, ya nyanya ni nyingine.) Ijumaa Halua alikuwa gramu 870. Leo 790. Gramu 80 ni nyanya moja ndogo, kwa mteja mzuri naiongeza bure. Kwa mnyama wa kimo kile, ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake imeyeyuka ndani ya siku chache.

Saa kumi na mbili. Lori la mboga limefika, sokoni ni vurugu. Hoho bado ghali. Nikachukua chache tu.

Saa tatu. Binti yangu yuko likizo, nimempa kazi ya kunipigia simu kila baada ya muda. "Mama, amekula?" namuuliza, maana kwetu mtoto naye ni mama. "Hajala." Hapo ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama. Usipopita mlo nusu siku, au siku nzima, utumbo unalegea, gesi inajaa, na mnyama anakwenda huku wewe bado unasema tusubiri kesho.

Najua, kwa sababu mwaka jana nilimzika Kaimati, simbilisi mwenzao. Alipiga chafya siku mbili, nikaenda duka la dawa nikasema mtoto ana mafua, nikapewa amoksilini ya maji. Nilimpa tone tone kwa upendo wote. Siku ya tatu akaharisha, usiku akafa. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa simbilisi huua vijidudu vyema vya tumboni, na vibaya vinabaki peke yao kutengeneza sumu. Wa dukani simlaumu. Mimi ndiye niliyesema ni mtoto.

Saa saba. Jua la kaskazi. Kwanza nilidhani ni joto, kwa sababu simbilisi huanza kutaabika kwenye nyuzi 27 hivi, na Malindi hii hiyo ni asubuhi. Lakini aliyepigwa na joto hulala kifudifudi akihema, masikio ya moto. Halua alikuwa vile tangu alfajiri, kumepoa. Hata hivyo nikamwambia binti afunike banda kwa gunia bichi na kuwawekea chupa ya maji ya barafu waegemee.

Saa nane na nusu. Nimemwachia jirani kibanda, nikawabeba wote wawili ndani ya kreti ya nyanya, tuktuk mpaka kwa daktari wa mifugo. Kahawa si mgonjwa, ila ukiwatenganisha, mgonjwa anazidi kuingiwa na hofu.

Daktari kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi. Akachungulia kreti, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasikiliza kifua, akatazama pua na macho kama kuna uchafu, akafungua mdomo na kuangalia meno, maana ya simbilisi hayaachi kuota. Fizi zilikuwa zimevimba, zina damu kidogo. Akabonyeza magoti. Yowe.

"Anakula nini, mama?"

"Nyasi, chakula cha sungura, matango, majani ya saladi."

"Na hoho?"

Nikanyamaza. Mwezi mzima hoho zilivyopanda bei, hakubaki hata moja ya kurudi nayo nyumbani. Nauza mboga tangu sijaolewa, na mnyama wangu anakosa mboga. Mganga hajigangi.

"Hiki ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C," akasema. Sungura hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, kwa hiyo chakula chake hakitiwi. Simbilisi hawezi, kama mimi na wewe. Tango ni maji matupu. Halafu akanielekeza baharini kwa kidevu: "Si unaijua nguzo ya Vasco da Gama? Wale Wareno wake waliporudi kutoka India, Januari 1499, walifika hapa wagonjwa wa hicho hicho, wakaomba machungwa." Wakaletewa, na wengi wakafa vilevile, walikuwa wamechelewa. Nimeipita nguzo ile maisha yangu yote, sikuwahi kusikia habari ya machungwa.

Akanipa dawa ya maumivu, na vitamini C ya tembe, ile tupu isiyochanganywa na vitamini nyingine. Miligramu 50 kwa siku mpaka apone: nisage, nichanganye na maji kidogo, nimpe kwa bomba la sindano lisilo na ncha, upande wa shavu, polepole. Ukisukuma moja kwa moja kooni yanaingia mapafuni. Nisiitie kwenye chupa ya maji, inaharibika upesi na ladha inamkataza kunywa. Chakula cha sungura nikiloweke kiwe uji, nimlishe kila saa chache, usiku pia.

Saa kumi na moja jioni. Zimebaki hoho tatu. Bi mkubwa mmoja, mteja wangu wa miaka, akanyoosha mkono.

"Shikamoo. Hizo zina mwenyewe, bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Halua."

"Halua na hoho wapi na wapi, mwanangu?" Akaenda zake akitikisa kichwa. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Saa mbili usiku. Uji nusu umemwingia yeye, nusu uko kwenye dera langu. Kisha nikakata hoho uzi mwembamba, nikamsogezea puani. Akaunusa. Akautia mdomoni, akautafuna mara mbili, ukaanguka. Binti akashika pumzi. Akauokota tena. Ukaanza kuingia kidogo kidogo, ncha ikicheza nje ya midomo, mpaka ukaisha.

Saa sita. Nimeamka kulisha. Vipunje saba vipya chini, nimevihesabu kwa tochi ya simu. Mizani inasema 793. Nimeandika kwenye daftari la madeni, chini ya mtu wa vitunguu: Halua, 793.