Zile I mbili nyeupe

Hii ilikuwa 2013, Lubumbashi, mwezi wa kumi, ule wakati joto ni la kuua na mvua bado inatuchezea akili. Nilikuwa nasoma grafiki, CorelDRAW, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, naijua kuliko ninavyojua wajomba zangu, na mbao nilikuwa naziona ni kazi ya wazee. Sasa kuna muzee mmoja mchongaji, Muluba wa kule Kabongo, alikuwa na atelye, karakana yake, Kamalondo, yaani mwembe na meza moja, nilikuwa naenda kumpigia msasa nipate pesa ya taksibisi, basi siku hiyo akaingia mama mwenye restora ya bukari, yaani ugali, huko Katuba, anataka kibao cha mlangoni, neno moja tu KARIBUNI, herufi zitokeze, nyuma papakwe rangi, dola 150. Muzee akanigeukia kwa Kiswahili cha kwetu, "njo" ikiwa ni "ndiyo": "Wewe njo grafisti. Chora."

Nilichora bwana. Nikachukua fonti moja nyembamba ya kisasa, miguu ya herufi kama njiti za kiberiti, nikapanga nafasi ya herufi na herufi mpaka saa saba usiku, umeme ukakatika mara mbili nikaanza upya. Asubuhi nikaprinti vipande vipande kwenye A4, nikaunganisha na skochi, nikampelekea kifua mbele. Akaangalia weee, halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Hii karatasi iko na mishipa?"

"Hapana papa."

"Haya."

Basi. Hakuongeza neno. Mpaka leo naamini alifanya makusudi.

Ubao ulikuwa mulombwa, ule mti ukiukata unatoa utomvu mwekundu kabisa kama damu. Tukahamisha mchoro na karatasi ya kaboni, akanipa patasi, eti aliyechora ndiye atachonga. Sasa kwa ambaye hajawahi kushika patasi: mishipa ya ubao wetu, yaani zile nyuzi za mti, ilikuwa imelala, kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mstari wa herufi uliolala unashikwa na ubao wote, lakini uliosimama unaikata mishipa, unabaki umeshikiliwa na vinyuzi vifupi tu, unavunjika kama biskuti. Mimi hiyo sikuijua. K ikapita, A ikapita, R ikanitoa jasho, nikafika kwenye I, nikagonga kidogo tu, tak! I yote ikaruka. Nikapiga magoti kuitafuta kwenye maranda, nikaipata vipande vitatu. Kesho yake ile I ya mwisho nayo ikaenda, na safari hii hata sikuwa nimegonga, nilikuwa napuliza vumbi.

Nikakaa chini, nikawa naogopa hata kupiga hesabu ya bei ya ule ubao.

Muzee hakugomba. Akaingia ndani akatoka na lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba, si ya zamani, alichonga mwenyewe ya kuuzia wageni, kibao cha kushika mkononi kiuno chembamba, shanga zimepandwa juu yake. Akaniambia wazee wa Mbudye, kile chama cha Waluba cha kutunza historia, walikuwa wanapitisha kidole kwenye hizo shanga wanasimulia habari za wafalme, hii kubwa ni mtu fulani, ule mstari ni safari yake. "Herufi hata moja hamuna. Na hii njo grafiki, ya mbao." Mimi shuleni nilikuwa nimefundishwa habari za mabango ya Ulaya tu, lukasa nilikuwa naijua kama kitu cha muzeo, kumbe mtu aliyeipanga alikuwa anawaza rangi na ukubwa na nafasi kama mimi na kompyuta yangu.

Tukarekebisha. Alichukua kipande cha pembeni mwa gogo, pale mulombwa unapokuwa mweupe, akakata I mbili nene mishipa ikiwa imesimama, tukagandisha na kole, gundi ya mbao, tukafunga na mpira wa chemba ya baiskeli usiku kucha. Rangi ya nyuma, bluu, alipaka na vidole bila brashi, akawa anasema ndivyo alivyopaka Bela, yule mchoraji wa Hangar, ile atelye ya uchoraji Mfaransa Romain-Desfossés aliyofungua hapahapa mjini 1946, enzi Lubumbashi ikiitwa Élisabethville. Sijui kama alikuwa anamuiga kweli au brashi zilikuwa zimekauka tu, maana zilikuwa zimekauka, mimi ndiye sikuziosha.

Siku ya kuchukua mama akasimama mbele ya kibao, mikono kiunoni. Herufi sita nyekundu, mbili nyeupe. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mwembe.

"Hizi mbili nyeupe..."

Kimya.

"Hizi njo zinapendeza. Kwa nini hamukufanya zote hivi?"

Muzee hata kope hakupepesa. "Njo mupango wa grafisti wangu, mama. Hizo zinaongeza dola kumi."

Wakavutana, akatoa tano.