Robota Lililopungua

Mwaka 1995 nilikuwa karani wa stoo Lokichoggio, kaskazini kabisa mwa Turkana. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu tu: magunia ya mahindi, madebe ya mafuta, marobota ya blanketi. Ndege za Hercules ziliamka kabla yetu, na hadi leo nikisikia mvumo mzito alfajiri, mkono unatafuta kalamu. Ng'ambo ya mpaka, Sudan ilikuwa vitani tangu 1983. Majeruhi waliletwa hospitali ya Lopiding palepale Loki, kwa hiyo vita hatukuisoma gazetini. Tuliiona ikipita sokoni kwa magongo.

Mwishoni mwa Machi redio ikatangaza kwamba Khartoum na waasi wamekubali kusitisha mapigano kwa miezi miwili, na aliyewasemesha ni Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani. Tukashangilia. Halafu tukasikia sababu: kupambana na mnyoo wa Guinea. Mpakiaji mmoja Mturkana alicheka hadi akaketi juu ya gunia.

"Miaka kumi na miwili wanauana, leo wapumzike kwa ajili ya mnyoo?"

Nami nilicheka. Nilidhani wakubwa wanatafuta nafasi ya kujaza risasi, na sijui kama nilikosea sana.

Basi mizigo ikabadilika. Yakaja marobota ya vitambaa vyeupe vya kuchujia maji, vyepesi, vya kufunika mdomo wa mtungi. Wiki ya tatu hesabu yangu ikapungua kwa robota moja zima. Bosi akaniambia kosa ni langu, na kwamba safari ijayo nitapanda ndege mwenyewe nikalitafute.

Tulitua kwenye kipande cha ardhi kilichofyekwa, karibu na mahali Wadinka wanapopakana na Wanuer. Tangu viongozi wa waasi, Garang na Machar, wagawanyike mwaka 1991, makabila hayo mawili yalikuwa yameumizana vibaya. Chini ya mkwaju, muuguzi alikuwa ameinua bilauri ya maji ya dimbwi juani. Ndani yake mlikuwa na vidoa vinarukaruka, vidogo mno. Ukivinywa pamoja na mbegu za mnyoo vilizozimeza, alieleza, hutasikia kitu karibu mwaka mzima. Kisha mnyoo wa karibu mita moja atashuka mguuni na kutoboa ngozi, na moto wake utakukimbiza majini upoze mguu. Humohumo majini ndimo anamomwaga watoto wake. Dawa hakuna, chanjo hakuna. Ni kitambaa tu, na mgonjwa asiingie dimbwini.

Jamaa mmoja aliketi kando, bunduki imeegemea mti, mguu ameunyoosha. Mnyoo ulikuwa umetokeza juu ya kifundo, mweupe kama tambi iliyoiva, umezungushiwa kijiti. Aliuviringisha polepole, upana wa kidole kwa siku, kwa sababu ukikatika ndani kidonda huoza. Jasho lilimtiririka usoni. Sijawahi kuona mtu mwenye silaha akishika kitu kwa uangalifu namna ile.

Nikamuuliza mzee wa kijiji kuhusu robota, kupitia mkalimani. Hakubabaika.

"Lilifika, mwanangu. Tumewapelekea wale." Akaelekeza fimbo mashariki, kwa Wanuer.

"Mzee, wale si ndio mnaopigana nao?"

"Ndio. Kiangazi ng'ombe wao na wetu wanakunywa dimbwi moja. Sisi tukichuja na wao wasichuje, mnyoo utarudi. Wanawake wamelibeba kichwani usiku."

"Mmepatana, basi?"

Mkalimani akasita kutafsiri. Mzee akacheka meno yote nje. "Hapana. Wana ng'ombe wetu arobaini."

Yaliyofuata mnayajua. Utulivu uliongezwa muda, ukafika karibu miezi sita, watoto wakapata chanjo za magonjwa mengine, halafu mizinga ikarudi, na Loki tukarudi kuhesabu mahindi. Lakini mnyoo haukurudi kama zamani. Mwaka 1986 walikadiriwa wagonjwa milioni 3.5 duniani, mwaka 2023 walikuwa 14. Carter, ambaye alisema angependa mnyoo wa mwisho ufe kabla yake, alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100, na mnyoo ulikuwa bado haujaisha.

Jioni ile tuliporuka, niliangalia chini nikaliona lile dimbwi, la rangi ya chai ya maziwa, njia za ng'ombe zikiliingia kutoka pande zote mbili. Loki nikafungua daftari. Tarehe nikajaza, idadi nikajaza. Kwenye safu ya mpokeaji nilikaa na kalamu hewani, kwa sababu fomu ilitaka jina la kijiji kimoja, na kuandika la Wanuer kungemletea mzee matatizo. Nikaandika "dimbwi".

Bosi alisoma, akanitazama juu ya miwani. "Dimbwi ndiyo nani?"

"Ni mahali, bosi. Limefika."

Akatafuta mhuri chini ya makaratasi, akaugonga.