Mlango wa kulia wa Corolla yangu

Mdogo wangu anataka kuuza gari lake, RAV4 ya 1998. Tangu Jumatatu ananipigia kila jioni na swali lile lile: "Yaya, nilitengeneze kwanza ao niliuze hivi hivi?" Nimekuwa nikimjibu vipande vipande, mara mtandao unakatika, mara simu inazimika kwa kukosa umeme. Leo naandika yote kwa mpigo, kwa sababu mwaka jana nilipita njia hiyo hiyo, na kila dola iliyonitoka iko kwenye daftari. Mimi ni mhasibu, siwezi kutoa pesa bila kuandika.

Gari langu lilikuwa Corolla ya 1999, ile AE110 ya lita 1.5. Nililinunua Kasumbalesa mwaka 2015, likiwa limeshuka melini Dar es Salaam na kukata Tanzania na Zambia mpaka mpakani kwetu. Usukani kulia, kama magari mengi ya hapa Lubumbashi, ingawa sisi tunapita upande wa kulia wa barabara. Kwa miaka tisa lilinitoa Katuba asubuhi na kunirudisha jioni. Lilibeba saruji ya nyumba yetu. Usiku mmoja wa mvua lilimbeba mama hospitalini na halikusita hata kidogo. Nililipenda gari lile, na nadhani mapenzi hayo ndiyo yaliyonikosesha.

Mlango wa kulia ulikuwa umebonyea. Nguzo ya geti letu wenyewe, mwaka 2019, nikirudi nyuma gizani. Kibonyeo chenyewe hakikuzidi kiganja cha mtu mzima, ila chini yake kutu ilikuwa imeanza kula bati. Komisyonere mmoja, dalali wa magari, alikuwa tayari kunipa dola 2,400 gari likiwa hivyo hivyo. Nikakataa. Kaka yetu mkubwa aliniambia mnunuzi ananunua kwa macho, na mimi mwenyewe sikutaka liondoke kwangu na kovu lile. Nikalipeleka kwa tolye mmoja, fundi wa bati, kule Kampemba, anyooshe bati na kupiga rangi mlango, bawa la nyuma (bati la juu ya gurudumu) na parashoki, yaani bampa. Dola 280.

Nilikaa pale siku mbili nikitazama. Alipiga bati kwa nyundo kutoka ndani, akajaza mastiki, ule udongo wa kusawazisha bati, akasugua kwa msasa wa maji mpaka mkono ukateleza. Kazi nzuri, sina neno juu yake. Tatizo lilikuwa rangi. Corolla yangu ilikuwa ya fedha, na rangi hiyo ina chembe ndogo za aluminiamu zinazolala kwa namna tofauti kulingana na nguvu ya hewa, wingi wa rangi na umbali wa bomba. Kuilinganisha na rangi iliyopigwa kiwandani miaka ishirini na mitano nyuma ni kazi ngumu hata kwenye chumba kilichofungwa. Sisi tulikuwa uani, mwezi wa saba, vumbi jekundu likipita juu ya ukuta. Kivulini mlango ulifanana na gari. Juani ulikuwa na weupe wake peke yake.

Mnunuzi wa kwanza alitoka Kipushi. Alisalimia vizuri, akazunguka gari mara moja bila kusema kitu, kisha akaanza kugonga kwa kidole kilichokunjwa. Bawa la mbele likalia kwa sauti ya bati tupu. Mlango wa nyuma hivyo hivyo. Alipofika mlango wa kulia, sauti ikawa nzito, kama ya kugonga ukuta. Akatoa mfukoni sumaku ndogo ya spika, akaiweka juu ya paa, ikashika. Akaiweka kwenye mlango, ikateleza na kuangukia vumbini. Akainama, akaiokota, akaifuta kwenye suruali.

"Mama, hapa iko na mastiki mingi. Hii motoka ilipigwa?"

Nikamweleza habari ya nguzo ya geti. Alinisikiliza kwa heshima, lakini niliona hakuniamini, na kwa nini aniamini? Hanijui. Akataja dola 2,200, pungufu ya zile nilizokataa kabla ya kutumia hata senti. Akaenda.

Usiku ule sikulala vizuri. Kibonyeo kikiwa wazi, kila mtu alikiona ukubwa wake: kiganja. Nilipokifunika, nilimpa mnunuzi nafasi ya kuwaza chochote, na mtu anayenunua gari la zamani anawaza lori.

Kesho yake nililipeleka gari kwa fundi ninayemwamini, mzee mmoja aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa. Aliliwasha, akaingiza D, gia ya kwenda mbele, huku mguu uko kwenye breki, akanionyesha jinsi kioo cha katikati kinavyotetemeka. "Rangi unampakia nani, mama? Huyu anayekuja atakaa humu ndani." Sapoti mbili za injini zilikuwa zimekatika mpira wake, dola 50 zote mbili. Jointi ya kifuniko cha valvu ilikuwa inavuja na kudondoshea oili kwenye bomba la moshi, ndiyo maana ile harufu ya kuungua ambayo pua yangu ilishaizoea. Jointi pamoja na mipira ya kwenye matundu ya plagi, dola 18.

Kisha akafungua kifuniko cha radieta, akabonyeza springi yake kwa kidole gumba, ikazama bila ubishi. Hapo alinifundisha jambo ambalo sikulijua kwa miaka tisa ya kuendesha. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka hapa karibu nyuzi 96, hayafiki 100. Kifuniko ndicho kinachobana presha ili maji yavumilie joto zaidi ya hapo. Kikilegea, gari linachemsha kwenye foleni, na wewe unakwenda kununua pampu ya maji isiyokuwa na kosa. Kifuniko kipya, dola 6. Maji ya radieta ya kijani badala ya yale ya bomba yaliyogeuka rangi ya chai, dola 12.

Breki ndizo zilizoninyamazisha. Alitoa plaketi za mbele, yaani pedi za breki, akaniwekea moja kiganjani: imebaki nyembamba kama ukucha. Na hili ni gari la usukani kulia. Ukitaka kulipita lori la madini barabara ya Likasi, unamtegemea aliyekaa kushoto akuambie kama kweupe. Ukikosea, breki ndiyo inayokurudisha nyuma ya lori. Dola 40 na mrija mmoja mpya. Hizi sikuzipigia hesabu ya faida na sitazipigia. Ningeuza gari lile kwa baba wa watoto nikijua plaketi zilivyo, nisingeweza kupita njia moja naye tena.

Ufundi wake, 45. Kuosha ndani na kutoa viti nje juani, 15. Jumla 186.

Waliolinunua walikuwa mke na mume, wote walimu. Safari hii sikungoja mtu agonge. Kabla hawajalizunguka niliwaita upande wa kulia, nikawaonyesha kwenye simu picha ya kibonyeo niliyoipiga kabla ya kulipeleka kwa tolye. Niliipiga kwa bahati tu, nilitaka kumtumia kaka. Mume aliiangalia, akaangalia mlango, akatikisa kichwa kukubali, na habari ya mlango ikaishia hapo. Mama mwalimu ndiye aliyekaa kwenye usukani. Aliwasha, akaweka kiganja chake chote juu ya dashibodi, akafumba macho. Mumewe akaingiza D kutoka upande wake. Kiganja hakikutikisika. Akafumbua macho, akaniuliza: "Mama, karte roze iko kwa jina lako?" Ndiyo kadi ya gari. Iko. Vinyeti, kodi ya gari ya mwaka, nilikuwa nimeichelewesha, nikaenda kuilipa kesho yake, maana karatasi isiyotimia inakuzuia kuuza hata gari jipya. Tukaandikiana dola 2,850.

Basi hesabu ni hii. Juu ya zile 2,400 za komisyonere nilipata 450. Niliyotumia ni 466. Nimepoteza dola 16 na wiki tano. Toa zile 280 za rangi, na ningebaki na 264 mkononi. Kaka bado anadai kwamba bila rangi wale walimu wasingesimama hata kuangalia. Mimi nilikuwepo. Yule mama alifumba macho.

Sasa RAV4. Mdogo wangu, ya kwako ugonjwa wake ni bwati ya vitesi, yaani giaboksi: asubuhi unaingiza D, unahesabu mpaka nne ndipo inashika. Umeambiwa dola 700 kuifungua. Usiifungue. Gari lako halitapanda dola 700 kwa ajili ya bwati iliyofunguliwa uani, na mnunuzi hana njia ya kuona ndani yake ulichokifanya. Usibadilishe hata oili yake ili tu ionekane nyekundu. Ikiwa sahani zake za ndani zimelika, mafundi wengi wanaogopa kwamba oili mpya inaweza kuifanya iteleze kabisa. Mwambie mtu mapema, mwache aliwashe mwenyewe likiwa baridi, na bei ishuke kwa sababu iliyo wazi. Mwenye fundi wake ataona faida yake hapo.

Matairi yako yasome ubavuni kabla mnunuzi hajasoma. Kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. La mbele kushoto nililiona Jumapili: 1813. Wiki ya 18 ya 2013. Hilo tairi la okazyo, la mtumba, lina umri wa mwanao wa pili. Ondoa hayo mawili ya mbele.

Na ule mkwaruzo wa parashoki, uache ulivyo. Upige picha tu.

Jumamosi saa mbili nitakuwa kwa mzee fundi. Njoo na gari bila kuliosha, aone linavujia wapi. Tunaanza na breki.